Mashine ya sauti imeshuka bei, thamani imebaki kwenye wimbo

Mwenye studio ya muziki Kahama au Katoro leo anaweza kuagiza mashine ambayo kizazi kilichopita ilionekana zaidi kwenye studio za Ulaya na Marekani. Nakala mpya za sintesaiza za analogi, zile za miaka ya 1970 na 1980 zinazotengeneza sauti kwa umeme unaopita kwenye saketi, zinauzwa nje kwa takriban dola 150 hadi 400. Je, fedha hiyo ikiwekwa kwenye soko la muziki wa Kanda ya Ziwa itarudi?

Soko lenyewe lipo, na linalishwa na dhahabu. Mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001. Buzwagi, pembeni mwa mji wa Kahama, ulianza 2009 na kusimamisha uzalishaji 2021. Lakini fedha inayofika kwa msanii hutoka zaidi kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Kakola. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likitema dhahabu, mwenye karasha ya kusaga mawe analipwa, mama lishe anauza, baa inajaa, na harusi iliyokuwa ikisubiri inapangiwa tarehe. Harusini wanaitwa waimbaji.

Msanii wa Kisukuma, awe na jina kubwa kama Bhudagala au awe anajulikana kata mbili tu, hategemei sana kuuza wimbo wenyewe. Anategemea kualikwa kwenye harusi, sherehe na mikutano ya kampeni, na kutunzwa pale jukwaani. Wimbo uliorekodiwa ni tangazo lake: unawekwa YouTube, unahamishwa kwenye memori kadi na flashi, unapigwa kwenye mabasi na minadani. Studio inalipwa kwa kutengeneza tangazo hilo, na ushindani kati ya studio ni mkali kwa sababu karibu zote zina vifaa vilevile: kompyuta, programu ya kutengenezea biti, maiki, spika na kinanda cha Yamaha cha aina ambayo makwaya ya makanisa yameizoea miaka mingi.

Usukumani upya wa onyesho umekuwa ukilipa tangu zamani. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayofanyika baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana wachezaji walileta nyoka, vinyago na mbinu ambazo wapinzani hawakuwa nazo. Studio yenye sauti ambayo jirani hana inafuata mantiki hiyohiyo, na hapo ndipo mashine hizi zinapoingia kwenye hesabu.

Bei imeshuka kwa sababu zinazoeleweka. Minimoog ya Marekani ilitoka 1970 ikiuzwa karibu dola 1,500, fedha nyingi kwa wakati ule. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma TR-808 mwaka 1980 na mashine ya besi TB-303 mwaka 1981. Zote mbili hazikufanya vizuri sokoni na uzalishaji wake ukakoma kabla ya 1985. Vijana wa Chicago wakazinunua mitumba kwa bei ya kutupa, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa kwa TB-303 wimbo uliozaa aina nzima ya muziki wa dansi. Mashine zikageuka lulu, bei ya mitumba ikapaa, na watengenezaji wakaona nafasi. Korg ilirudisha MS-20 yake mwaka 2013 kwa umbo dogo. Behringer, kampuni iliyoanzishwa Ujerumani na yenye kiwanda kikubwa China, ilileta nakala ya Minimoog iitwayo Model D, kisha mwaka 2019 TD-3 kwa ajili ya besi na RD-8 kwa ajili ya ngoma. Kampuni hiyo inatengeneza hata vipande vya elektroniki vya ndani, na ndiyo siri ya bei yake.

Sheria nayo ilifungua mlango. Kichujio cha sauti cha Robert Moog, moyo wa Minimoog, kilipata hataza Marekani mwaka 1969, nayo ilidumu miaka 17 kwa sheria ya wakati ule. Tangu katikati ya miaka ya 1980 saketi hiyo ni mali ya kila mtu. Jina na alama ya biashara havikufunguka pamoja nayo. Ndiyo maana nakala kama TD-3 na RD-8 hubeba herufi na namba tofauti na za Roland. Mwaka 2005 Roland iliishtaki Behringer kuhusu mwonekano wa vifaa vyake vya gitaa, na pande hizo zikamalizana nje ya hukumu.

Mashine hizi zina faida gani hapa? Chukua mdundo mzito wa TR-808. Ndani yake hamna ngoma iliyorekodiwa. Saketi hupigwa na mshtuko mfupi wa umeme, ikalia kwa sauti nene ya chini inayofifia taratibu. Swichi moja ya kuzungusha huamua mdundo ufifie haraka au uburuze, nyingine huamua uwe mkali au laini. Ngoma kubwa ya bugobogobo nayo hupigwa mara moja na kuacha mvumo wa chini, kwa hiyo mtayarishaji mwenye sikio anaweza kuiwekea mdundo huo chini yake, akaurekebisha kwa mkono wakati mwimbaji anaimba, na spika za mnadani zikapata uzito ambao maiki ya bei nafuu haiukamati.

Gharama ziwekwe wazi. Tuchukue mashine ya dola 300 na kiwango cha mfano cha shilingi 2,500 kwa dola: ni shilingi 750,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 peke yake ni 135,000, kabla ya ushuru wa forodha na usafiri. Ni busara kupanga milioni moja. Studio inayobakiza, tuseme, shilingi 50,000 kwa wimbo baada ya pango na umeme inahitaji nyimbo 20 kurudisha fedha hiyo, na ziwe nyimbo ambazo zisingekuja bila mashine. Tena saketi za analogi huyumba kidogo kwa joto, hivyo mashine huwashwa mapema kabla ya kurekodi na kutyuniwa upya. Umeme ukikatika, kazi hiyo huanza upya. Vumbi la barabara za migodini huingia kwenye swichi zake, na fundi wa redio anayejua saketi hizi ni wa kutafuta.

Upande wa pili upo mfano wa karibu wa waliofanikiwa bila mashine hizi. Singeli ya Dar es Salaam ilitengenezwa kwa kompyuta za kawaida na vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, na watengenezaji wake wakafika kwenye majukwaa ya Ulaya. Zipo pia programu za sintesaiza za bure kabisa, kama Surge XT, zinazotoa sehemu kubwa ya sauti hizo ndani ya kompyuta iliyopo. Kwa studio inayoanza, hapo ndipo pa kuanzia. Mashine inamfaa mwenye wateja tayari, hasa anayepiga jukwaani, kwa kuwa kuzungusha swichi mbele ya watu ni onyesho lenyewe.

Historia ya nakala hizi ina somo kubwa zaidi kwa wanamuziki wa Shinyanga na Geita. Ulinzi wa Moog juu ya uvumbuzi wake uliisha baada ya miaka 17. Hataza za siku hizi hudumu miaka 20. Wimbo wa Kisukuma unaoandikwa leo Nyang'hwale, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Chuma kinanakiliwa na kinazidi kushuka bei. Wimbo ndio mali inayodumu, na wengi wanauacha bila hata karatasi inayosema nani alitunga, nani alitengeneza biti na nani atagawana mapato ya YouTube.

Kwa hiyo ushauri wa ukurasa huu kwa wenye studio na wasanii ni mmoja: kabla ya kutoa milioni moja kwa ajili ya mashine, andikianeni mkataba wa mgao kwa kila wimbo na sajilini wimbo wenyewe COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ili muwe na ushahidi siku ya mgogoro. Mashine itakuwepo mwakani, na huenda kwa bei ya chini zaidi.