Maua ya Msimu Mmoja Mbele ya Nyumba Zetu



Mtu apitaye katika mitaa ya Sparkbrook, Sparkhill na Small Heath mwezi huu wa Aprili ataona jambo ambalo sisi wenyewe tumelizoea hata hatulioni tena. Kati ya mlango wa nyumba na njia ya watu pana kiwanja kidogo, pengine hatua tatu kwa nne. Katika nyumba nyingi za jamaa zetu kiwanja hicho kina mapipa ya taka, godoro lililochoka na majani yaliyojiotea. Ndani, nyumba hizo ni safi, zina mazulia na zinanukia udi. Nje ni kama hapana mwenyewe.

Sababu yake si uvivu. Nasi tulikuwa hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Kila tulipoulizwa tulijibu kwamba mwakani tunarudi, na mtu anayerudi hapandi. Masanduku yalikaa juu ya kabati yakingoja. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakafika umri wa kututafsiria barua, na sisi bado tulikuwa tunaaga. Mwaka aliotujia marehemu mama kutoka Muheza, alisimama mlangoni akatazama ile nje yetu, kisha akauliza: “Mwanangu, nyumba hii ina matanga?” Hatukuwa na la kumjibu.

Ndipo tulipoanza na maua ya msimu, kwa kuwa maua hayo hayamtaki mtu ahadi ndefu. Hupandwa mwishoni mwa Mei, huchanua mpaka Oktoba, kisha baridi huyaua. Hata anayerudi mwakani anaweza kuyapanda.

Ua tunalompendekezea anayeanza ni lile linaloandikwa Ageratum katika pakiti za mbegu. Hapa tutaliita ajeratamu. Ni mmea mfupi, aina nyingi zikiwa na kimo cha sentimita 15 hadi 30, unaofunikwa na vishada vya nyuzi laini za buluu iliyokaribia zambarau. Zipo pia nyeupe na za waridi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Jina lake limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni kisichozeeka, kwa kuwa ua hilo hudumu na rangi yake muda mrefu. Waliolima Afrika Mashariki wanamjua nduguye, yule mwenye vishada vya rangi hafifu na majani yenye harufu kali, ambaye tumemng'oa kwa jembe miaka yote kama magugu. Huyu wa bustanini ni wa ukoo huo huo, ila amefunzwa adabu.

Mwaka wa kwanza tulipoteza yote. Ilikuwa Aprili kama sasa. Jua liliwaka siku tatu, tukavua makoti, tukapanda miche 24. Usiku wa nne ikashuka jalidi, ile baridi inayogandisha umande, na asubuhi miche ililala chini, myeusi na laini kama mchicha uliopikwa. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza ambaye kwa miaka yote ile tulikuwa tukipungiana mikono tu, alitoka akatazama, akasema neno moja: “Juni.” Mwezi ule wa Juni alitubishia hodi na miche sita kutoka katika kibanda chake cha kioo. Tulimrudishia sahani ya mandazi. Huo ulikuwa mwanzo wa kujuana kwetu, baada ya miaka kumi na mmoja ya ukuta mmoja.

Basi haya ndiyo tuliyojifunza. Mbegu husiwa ndani ya nyumba mwezi Machi au Aprili, katika trei iliyo dirishani penye joto. Ni ndogo mno, nazo huhitaji mwanga ili ziote. Usizifukie, zibonyeze tu juu ya udongo wenye unyevu. Huota kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Mwezi wa Mei izoeze miche: itoe nje mchana, iingize usiku, kwa siku kumi hivi. Mwisho wa Mei, jalidi ikiisha, ipande penye jua, ukiacha sentimita 15 hadi 20 kati ya mche na mche. Udongo uchanganye na mboji, usiache ukauke. Koa huipenda sana miche michanga; pita jioni uwaokote. Maua yanayonyauka yakate, mapya yatafuata. Wala watoto wasiyatie kinywani, kwa maana mmea huu una sumu.

Huenda msomaji akauliza: maua ya nchi za joto yalifikaje katika baridi hii? Jawabu liko karibu nasi. Yalikuzwa chini ya vioo. Kodi ya vioo ilipoondolewa Uingereza mwaka 1845, nyumba za vioo za kukuzia mimea zilienea, na kiwanda cha Chance Brothers cha Smethwick, jirani zetu hapa, ndicho kilichotoa vioo vya lile jumba kubwa la maonyesho la London la mwaka 1851. Miche ikawa inalelewa ndani kwa maelfu, kisha hutolewa nje majira ya joto. Anayetaka kuona mimea ya joto chini ya kioo na aende bustani ya mimea ya Edgbaston, iliyofunguliwa mwaka 1832.

Wengi wetu nyumba zetu zinatazama kaskazini, na jua haliwafikii. Hao wana ua lao, nalo ni la kwetu kabisa. Waingereza huliita Busy Lizzie. Huota lenyewe penye kivuli na unyevu, toka Kenya hadi Msumbiji. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alipeleka mbegu zake bustani ya Kew, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Baadaye ilionekana kwamba mmea huo ulikwisha kupewa jina jingine mwaka 1868, na hilo la kwanza ndilo lililobaki.

Mwaka 2011 ugonjwa wa ukungu uliyaangamiza maua haya nchini humu, hata maduka mengi yakaacha kuyauza. Sasa ipo mbegu inayostahimili ugonjwa huo, nayo huuzwa kwa jina la Imara. Neno hilo kwetu halihitaji mfasiri. Mama alipoyaona maua haya mlangoni petu, alichutama akayagusa, akasema yapo kijitoni kwao, wala hakuna aliyewahi kuyauza.

Asiye na udongo, maana kiwanja kimekwisha kumwagwa saruji, na apande katika ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Ajeratamu aiweke mbele, ua refu nyuma, na kando chungu cha rehani kwa ajili ya harufu. Watoto wapewe kazi ya kumwagilia; wataulizwa na wapita njia, na watajibu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Ikiwa mche hupandwa hata saa hiyo, basi safari ya mwakani si udhuru. Miche iko sokoni, na mwisho wa Mei si mbali.

Wabillahi tawfiq.