Nani hukata intaneti wakati wa kura?

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa Kongo (DRC), simu za Lubumbashi zilibaki za kupiga na kupokea tu. Intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Mshauri wa Rais Kabila, Barnabé Kikaya bin Karubi, alieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yanasambazwa na yangeleta fujo.

Serikali haina swichi yake. Mitambo iko mikononi mwa Vodacom, Airtel, Orange na wenzao. Serikali imeshika leseni zao. Barua inatoka wizarani au ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, na mafundi wa kampuni wanatii. Sheria ya mawasiliano ya 2002, kifungu cha 46, iliruhusu hivyo kwa ajili ya usalama wa umma. Wala si lazima kuzima vyote: Agosti 2017 ARPTC iliagiza makampuni yabane uwezo wa kutumiana picha mitandaoni.

Kwa nini picha? Baada ya kuhesabu kura, matokeo ya kila chumba cha kupigia kura hubandikwa mlangoni. Shahidi wa chama kule Ruashi anapiga picha karatasi yake, wa Katuba yake, wa Kolwezi yake. Zikikusanywa, jumla yake inalinganishwa na ile ya tume ya uchaguzi, CENI. Bila intaneti, kila karatasi inabaki mtaani kwake. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na watazamaji wapatao 40,000, walisema mapema Januari 2019 kwamba wanajua aliyeshinda, bila kumtaja. CENI ilipomtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi tarehe 10, mtandao ulikuwa bado umefungwa, na raia hakuwa na njia ya kuhakiki.

Kweli, uongo unaua. Lakini sisi wa Katanga tunakumbuka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi: chuki ilienezwa kwa hotuba, intaneti haikuwepo. Uongo hujibiwa na ushahidi unaoonekana na wote, na ndio huo unaofungiwa.

Sheria inaweza kuzuia hilo: Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba waziri aliyeagiza kukata intaneti hakuwa na mamlaka hayo. Katiba yetu, vifungu vya 23 na 24, inalinda uhuru wa kusema na haki ya kupata habari. Wabunge wetu waandike wazi: hakuna kukata bila amri ya jaji, yenye sababu na tarehe ya mwisho. Nawe msomaji, mwulize mgombea wako kama ataunga mkono sheria hiyo kabla hujampa kura.