Tiba ya Mazungumzo na Amana ya Siri

Mtu akivunjika mguu majirani humiminika kumjulia hali, lakini akivunjika moyo huambiwa avumilie. Akizidi kuhuzunika, husemwa kuwa amerogwa au ana shetani, na milango hufungwa ili aibu isitoke nje. Safu hii yataka leo kuizungumzia tiba isiyo na sindano wala vidonge, ambayo tabibu humsikiliza mgonjwa na kumsaidia kuyachambua yanayomsonga mpaka mwenyewe aone njia.

Wako wanaodai kuwa jambo hilo ni la Wazungu. Hao na watazame Harare. Mwaka 2005 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa wake, mwanamke kijana aliyejiua. Jamaa zake hawakuwa na nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Mwaka uliofuata, bila ya chumba wala wauguzi wa kutosha, daktari huyo akaanza kazi na bibi wazee 14 katika mtaa wa Mbare, juu ya benchi la mbao lililowekwa nje ya zahanati. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, na watu wakalikimbia. Ni wale bibi waliomkosoa msomi wao, wakataka liitwe Benchi la Urafiki. Ndipo watu walipokuja.

Bibi hao hawamhubirii mtu. Humwuliza matatizo yake yote, wakamtaka achague moja, kisha wakalitafutia pamoja hatua atakayoiweza. Washona huita maradhi hayo *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Nasi tusemapo kuwa fulani ana mawazo, twakusudia jambo hilo hilo. Uchunguzi uliofanywa katika zahanati 24 za Harare kwa wagonjwa 573, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 nusu ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa bado na dalili za sonona, lakini katika waliokaa na bibi walibaki 14 hivi kwa kila 100. Benchi hilo limekwisha kufika Malawi, na Zanzibar pia.

Hata hivyo, dawa yenye nguvu ya kuponya haikosi nguvu ya kudhuru. Ilikuwa desturi baada ya maafa kuwakalisha manusura mara moja tu na kuwataka wasimulie yote waliyoyaona; wachunguzi wakagundua kuwa kikao hicho hakikinga kitu, na baadhi ya watu huzidi kuumia. Wako wagonjwa wasioweza tena kuamua neno bila ya tabibu wao, na wako matabibu, Mungu atuepushe, wanaougeuza udhaifu wa mgonjwa kuwa mlango wa uasherati au wa fedha. Na mwenye wazimu mkali asiachishwe vidonge kwa kuwa amepata wa kuzungumza naye.

Je, tiba ya mbali, kwa simu na kwa picha ya video? Faida yake ni dhahiri: nauli iliyokosekana Harare haihitajiki, na kwa sonona na wasiwasi matokeo yake yamekaribiana na ya ana kwa ana. Lakini tabibu haioni mikono inayotetemeka, na mgonjwa akitamka usiku kuwa ataka kujiua, tabibu huenda hajui hata yuko mtaa gani. Tena, katika nyumba ya vyumba viwili na watu wanane, mke atamshitakia nani mumewe aliye nyuma ya pazia?

Chuoni tulifundishwa kuwa siri ni amana. Nchini Finland kampuni ya tiba hiyo iitwayo Vastaamo iliziweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta bila ya ulinzi wa kutosha. Zikaibwa, na mwezi Oktoba 2020 wagonjwa wakaanza kupokea barua za vitisho: lipa euro 200, ama maungamo yako yatatangazwa. Walioguswa walikuwa kama 33,000. Mwizi alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha zaidi ya miaka 6, na kampuni ilikwisha filisika mwaka 2021. Izingatiwe kuwa wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamekaa na matabibu wao chumba kimoja. Basi anayeanza tiba, ya karibu au ya mbali, na aulize: maneno yangu yanaandikwa wapi, na nani mwenye ufunguo?

Mdogo wangu wa kike alifiwa na mtoto, akawa hali wala halali. Kila Alhamisi alitoka na simu mpaka chini ya mwembe, mbali na masikio yetu, akazungumza na mshauri aliye mji mwingine. Siku moja mtandao ulikatika akiwa katikati ya kilio. Mshauri yule alipiga mara tano bila ya kupata, akaendelea hata baada ya saa zake za kazi kwisha. Mara ya sita nikaipokea mimi, nikampelekea mdogo wangu simu.