Askari wa Tochi Njia ya Hombolo
Ukivuka Bara na motokaa, ukatoka Dodoma kwenda Hombolo kwa njia ya Ihumwa, jua hivi. Penye kibao cha 50, usipite kilomita 50 kwa saa mpaka uone kibao cha kuufuta. Askari hukaa kando ya njia na tochi ya kupimia mwendo. Akikusimamisha, hasira iweke kando. Omba kuonyeshwa mwendo uliopimwa, na uhakikishe gari ni yako. Ukikubali kosa, faini ya motokaa hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa mtu. Usipokubali, unayo haki ya kwenda mahakamani. Lakini bora upunguze mwendo: faini hulipika, roho ya mtoto hailipiki.