Hiari ya Gécamines

Mwaka 2003 kampuni ya shaba ya Kongo, Gécamines, iliwatangazia wafanyakazi wake wa siku nyingi mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini. Hiari gani lakini? Wengi hawakuwa wameona mshahara kwa miezi na miezi. Ukishamchosha mtu hivyo, kalamu ataishika tu.

Lubumbashi, kampuni ndiyo ilikuwa baba. Union Minière, mtangulizi wa Gécamines, iliyoanzishwa 1906 na kugeuka mali ya serikali 1967, ilitoa nyumba, shule, hospitali na posho. Mtoto akizaliwa, aliandikwa, na unga wa nyumba hiyo uliongezeka. Tusisahau kwamba baba huyo alikuwa na fimbo: Desemba 1941 wagomaji waliodai nyongeza walipigwa risasi humu humu mjini. Hata hivyo watu walimzoea. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa chuo kikuu cha hapa, alikipa kitabu chake cha 2001 jina linalowaita wenyeji wana wa shaba waliotelekezwa na baba yao.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wake wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka 1990. Kufikia 1994 hata tani 50,000 hazikufika.

Kilichowamaliza watu nguvu, naona mimi, ni ahadi kuliko ufukara. Anayefukuzwa kazi hulia, kisha hutafuta nyingine. Hawa hawakufukuzwa. Waliambiwa mshahara uko njiani, wakaendelea kuamka alfajiri na kuvaa nguo za kazi. Nyumbani mke ndiye aliyelisha familia, akiuza unga kwa kipimo cha meka mlangoni na kulima mahindi pembezoni mwa mji. Baba wa nyumba alirudi jioni mikono mitupu, akala alichokitafuta mama, na neno lake halikuwa na uzito tena mbele ya watoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiwanda kipya kilianza kuchota kobalti kutoka kwenye mlima mweusi wa taka za shaba mjini, uliorundikwa na baba na babu za wafanyakazi hao kutoka kwenye tanuru la shaba lililowashwa 1911. Taka zilipata mnunuzi kabla wazee hawajalipwa.

Waliotia saini walipokea kiasi walichokiona kidogo mno kuliko haki yao. Wakaungana kudai kilichobaki, na madai hayo yaliendelea kwa miaka mingi.