Eti nyama inaleta kansa?

Nilikuwa shule moja karibu na Omurushaka nikiongea habari za lishe. Kijana wa kidato cha tatu akasimama: "Dada, eti nyama inaleta kansa ya utumbo? Sasa sisi wafugaji tule nini?" Darasa zima likacheka. Lakini swali ni la maana.

Oktoba 2015, taasisi ya kansa ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kuwa nyama za kusindikwa, kama soseji na nyama ya kopo, zinasababisha kansa ya utumbo mpana. Nyama nyekundu, yaani ng'ombe, mbuzi na nguruwe, ikawekwa kundi la "huenda inasababisha". Ukila gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku, hatari inaongezeka kwa asilimia 18. Usitishike! Si kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Tuseme wangeugua 5. Sasa watakuwa kama 6.

Sababu mojawapo ni madini ya chuma yaliyo kwenye wekundu wa nyama. Yakizidi, yanadhuru ngozi ya ndani ya utumbo. Nyama ikiungua mkaani mpaka nyeusi inaongeza kemikali nyingine mbaya.

Sasa sikiliza hii. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, miaka ya 1950, alishangaa kuona kansa hii ni adimu kwa wanavijiji wa Uganda. Baadaye yeye na wenzake wakapima mpaka kinyesi (cheka tu). Mwaka 1972 waliandika kwamba chakula cha wanavijiji wale kilipita tumboni kwa siku moja na nusu hivi. Cha mabaharia wa Uingereza, zaidi ya siku tatu! Burkitt alisema siri ni makapi-mlo, yaliyojaa kwenye maharage, mboga za majani, matunda na dona. Kumbe ndizi na maharage ya bibi, ambayo tukifika mnadani tunayaona ya kishamba mbele ya mishikaki, ni kinga.

Nyama usiiache kabisa. Wasichana hasa wanahitaji ile chuma kwa ajili ya damu. Ila kwa wiki isizidi nusu kilo iliyopikwa.

Na mzee nyumbani akiona damu chooni, asikae kimya akisema ni bawasiri tu. Mara nyingi si kansa, lakini aende hospitali apimwe. Ikigundulika mapema, upasuaji unaweza kuiondoa yote, na Bugando pale Mwanza wanatibu kansa.