Watu unaowajua kidogo: kujuana na biashara ndogo kwetu Bunia



Nina sekretariati ndogo ya kuchapa na kupiga fotokopi hapa Bunia, na kando ya hiyo nashika vitabu vya hesabu vya AVEC mbili. Kwa hiyo naona watu wa aina mbili kila siku. Kuna vijana wanaopiga nakala ishirini za diploma, moja kwa kila ONG, wakaweke dosie. Na kuna mama na papa wa biashara wanaotafuta wateja, bidhaa au mkopo. Ukiuliza mambo yanaendaje, wote wana jibu moja: "Sina mutu."

Wakisema "mutu" wanamaanisha mjomba ofisini, yaani mkubwa mwenye mhuri. Kujuana kwa namna hiyo kupo, na sitakuja hapa kuwadanganya kwamba hakuna. Lakini si kwa huyo mjomba biashara ndogo zinaishi. Tuangalie vizuri.

Mwaka 1973 msosholojia mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa makala ambayo mpaka leo watu wa sosholojia wanaisoma. Aliwauliza wafanyakazi wa mji mmoja karibu na Boston, waliopata kazi mpya kupitia mtu, walikuwa wakionana na huyo mtu mara ngapi. Mtu angefikiri ni rafiki wa damu. Kumbe hapana. Katika kila 100, kama 17 tu walikuwa wakionana naye mara nyingi. Karibu 56 walikuwa wakionana naye mara moja moja, na 28 waliobaki ilikuwa kwa nadra, pengine mara moja kwa mwaka. Mtu wa mbali ndiye aliyeleta habari.

Sababu yake ni rahisi. Rafiki yako wa karibu anajua unachojua. Mnasali pamoja, mnakula pamoja, mnasikia uvumi ule ule. Yule unayemjua kidogo anaishi kwenye habari nyingine.

Sasa tuilete kwetu. Chukua mama anayeuza makayabo kutoka Kasenyi. Rafiki zake ni wauza makayabo wenzake, wa mstari ule ule sokoni. Wakimpenda namna gani, hawawezi kumwambia kwamba Komanda samaki wamekwisha, kwa sababu nao hawajui. Anayejua ni dereva wa lori aliyelala Komanda jana, pale barabara yetu inapokutana na ile ya Beni na Kisangani. Pengine ni muuguzi aliyeshuka kutoka Nyankunde, au motard aliyepita Marabo asubuhi. Mama akiwa na namba ya mmoja wao, na huyo akikubali kupokea simu yake, tayari ana kitu ambacho mstari mzima hauna.

Lakini mtu wa mbali hakukopeshi. Hapa ndipo vijana wengi wanachanganya mambo. Habari inatoka mbali, ila deni linatoka karibu. Kwa deni unahitaji mtu anayejua nyumba yako, anayemjua mama yako, na ambaye ukikimbia atajua pa kukutafuta. AVEC zetu zinafanya kazi hivyo. Ni watu 15 mpaka 25 au zaidi kidogo, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, hisa kila juma, na mgao mwisho wa mzunguko. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, lakini kwetu ulipata nyumba haraka kwa sababu likelemba tulikuwa tunaijua tangu zamani.

Mnaosomea biashara, fuatilieni pia habari za wafanyabiashara wa Butembo. Miaka ya 1970 walikuwa wanapeleka mboga na maharage mpaka Kisangani. Baadaye watu wa mji ule ule wakafika Dubai, kisha China. Siri kubwa haikuwa mtaji. Mtu mmoja hana pesa za kujaza kontena, lakini watu kadhaa wanaoaminiana kwa ukoo na kanisa wanaweza kulijaza pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Timothy Raeymaekers ameandika sana juu ya mji huo. Nawasifu, ila niseme pia upande wa pili: mtandao uliofungwa kwa ukoo unamlinda aliye ndani na kumwacha nje asiye wa ukoo, hata akiwa mwaminifu kuliko wote.

Na kwetu Ituri neno hilo ni zito. Vita vya 1999 mpaka 2003 viligawa hata mitaa ya mji huu. Tangu mwisho wa 2017 vurugu zilirudi Djugu, kisha zikafika Irumu yetu. Watu wamejifunza kununua kwa "wetu" na kukopesha "wetu". Siwalaumu, woga una sababu zake. Lakini niwaonyeshe jambo moja kutoka kwenye vitabu vyangu vya hesabu.

AVEC ya kwanza ninayoshika ni ya watu wa eneo moja, karibu wote wanauza vyakula vinavyopita barabara moja. Ya pili ni mchanganyiko: mshonaji, wauza mkaa, muuza dawa, wenye kabini za pesa ya simu, mama wa samaki, na wanatoka jamii mbalimbali. Barabara ilipofungwa majuma kadhaa, kwenye ile ya kwanza wote walikwama siku moja. Wote walitaka mkopo na hakuna aliyerudisha. Upendo ulikuwepo, sanduku likakauka. Kwenye ile ya pili, wa samaki na wa mkaa walikwama, lakini mshonaji na watu wa kabini waliendelea kuweka hisa, na sanduku likapumua. Watu wa AVEC ya kwanza ni waaminifu vile vile. Shida ni kwamba hatari yao ilikuwa moja. Na katika ile ya pili, aliyepiga simu kuonya wenzake wasitume mzigo asubuhi ile alikuwa na jamaa upande ambao wengine hawana hata namba moja ya simu. Mzigo ule, na dereva wake, walibaki Bunia.

Kwa hiyo nikisema mtandao wa watu, simaanishi kadi za jina wala picha za suti. Namaanisha kuwa na wachache wa karibu wa kukopeshana, na wengi wa mbali, wa kazi na jamii tofauti, wa kupeana habari.

Unawapataje hao wa mbali? Kwanza jua kusema unachofanya kwa sentensi moja. "Niko mujasiriamali" haisaidii mtu kukukumbuka. "Natengeneza frigo na kongelateri, nafika nyumbani" inasaidia. Siku frigo ya mtu itakufa, jina lako litamjia. Pili, uwe na daftari: jina, kazi, mahali, nani aliwakutanisha, na mara ya mwisho ulimfanyia nini. Mstari huo wa mwisho ndio wa maana. Ukiona kurasa nzima umeandika ulichoomba tu, usishangae simu zikiita bila kupokelewa.

Kutuma tangazo moja kwenye magrupu thelathini ya WhatsApp sikuhesabu kama kujuana. Wala kwenda matanga na kugawa namba zako za biashara. Matanga unaenda kukaa na watu, kubeba viti, basi. Watakujua kwa hilo.

Halafu kuna jambo la kumpeleka mtu kwa mtu, na hapa naomba msome polepole. Ukimwambia mwuza mbao, "huyu ni mwenzangu, mpe mzigo atalipa Ijumaa," umeweka jina lako rehani. Ijumaa ikipita, deni ni lake lakini aibu ni yako, na mlango ule umefungwa kwenu wote wawili. Kwa hiyo tofautisha. Kuna "namjua, ni fundi mzuri, pesa sijawahi kushughulika naye." Kuna "tulisoma wote, kazi yake sijaiona." Na kuna "namdhamini." Ni sentensi tatu tofauti, na anayezitumia vizuri anaaminiwa kuliko anayemsifu kila mtu. Mimi neno la tatu nimelitoa mara chache sana.

Kijana mwenye lisansi na bila mtaji ataniuliza: mimi nitatoa nini? Unayo mengi kuliko unavyofikiri. Wafanyabiashara wetu wengi wanashika karatasi za Kifaransa, na za Kiingereza zikitoka Uganda kupitia Mahagi, bila kuzielewa vizuri. Tangu nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, karatasi hizo hazikupungua. Mwenye kusoma forodha anaweza kumweleza mama nini anatakiwa kulipa na nini anaombwa tu. Mwenye kusoma uhasibu anaweza kumtenganishia pesa ya duka na pesa ya jikoni. Kuna mama wa AVEC niliyemsomea hati moja bure, dakika kumi tu. Ameniletea wateja wanne, na watatu bado wanakuja.

Upande wa ofisi nitapita haraka. FEC, ile iliyoitwa ANEZA wakati wa Zaire, na COPEMECO ya biashara ndogo na za kati, si za matajiri peke yao. Sheria za OHADA, zilizoanza kutumika kwetu Septemba 2012, zinamtambua hata mwenye biashara ndogo kabisa kwa jina la "entreprenant", na anaandikishwa kwa tamko tu, bila mzigo wa karatasi za kampuni. Wengi wanaogopa kwamba ukijiandikisha umejionyesha kwa watu wa kodi. Woga huo naujua, kila juma nausikia kwenye kaunta yangu. Lakini ONG au kampuni ikitaka kununua kwako itakuomba namba na faktura, na mtu aliyekutaja kwao atakuwa amekutaja bure kama huna. Mkienda kuuliza, nendeni wawili watatu wa kazi tofauti, na ulizeni bei rasmi ya kila karatasi kabla ya kutoa franka yoyote.